Sketi ya Matope Haifichwi na Rangi

Novemba ikianza kuyoyoma, Nakuru hunuka rangi. Kutoka Lanet hadi Kiamunyi ngazi zimeegemea kuta, magazeti yamebandikwa madirishani, na mafundi wanakimbizana na Krismasi. Wageni wanakuja, nyumba lazima ing'are. Haya, itang'aa. Halafu mvua za Machi zinashuka, na kufikia Pasaka ile sketi ya kahawia imerudi palepale chini ya ukuta, rangi imefura malengelenge, na jina la fundi linatajwa kwa hasira.

Fundi ana makosa yake, tutayafikia. Ila wewe ndiye uliyemwita mtu wa rangi kutibu ugonjwa wa maji.

Nenda kwenye ukuta wa mbele, pale chini panapoudhi. Bandua kipande cha rangi iliyoinuka, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, ukigeuze. Mgongo wake ukiwa na unga wa plasta, rangi ilipakwa juu ya vumbi au plasta iliyochoka. Ukikuta umeng'oka na rangi ya zamani, basi ile ya chini ndiyo iliyoachilia, na utaikwangua hadi ufike panaposhika. Lakini plasta ya nyuma ikiwa imeiva weusi wa unyevu, au ikiachia kidoleni chumvi nyeupe laini, ukuta unakunywa maji, na hakuna ndoo ya rangi duniani itakayouzuia. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi hapo. Inafunga unyevu ndani, nao ukitafuta pa kutokea unaisukuma rangi yote mbele.

Maji hayo yanatoka wapi? Mara nyingi juu. Bati lisilo na gata linadondosha maji mstari mmoja, kila mvua, mahali pamoja. Udongo wetu huu mwepesi wa volkano unachimbika mtaro, na kila tone linarusha matope ukutani hadi futi moja na zaidi. Hiyo ndiyo sketi. Funga gata zenye mteremko wa angalau milimita 5 kwa kila mita, na bomba la kushusha lipeleke maji kwenye tangi au mtaro. Bomba linalomwaga kwenye kona ya nyumba limehamisha tatizo tu. Chini ya ukingo wa paa, chimba ukanda wa upana wa sentimita 40 na kina cha 10, ujaze kokoto. Tone likianguka kwenye kokoto halina matope ya kurusha. Ni kazi ya siku moja na koleo, na inasaidia kuliko mkono wa tatu, yaani tabaka la tatu, la rangi ghali.

Chanzo kingine ni bustani yenyewe, na hapa ndipo watu hununa. Ule mlima wa udongo wa maua ulioegemezwa ukutani, unaomwagiliwa kila jioni kwa hosi, umepanda juu ya ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Ukishaifunika, unyevu unapita juu yake kama vile haipo. Shusha udongo ubaki sentimita 15 chini ya karatasi hiyo, na sogeza maua mita moja kutoka ukutani. Yataonekana vizuri zaidi kutoka barabarani pia, maana yatakuwa na kivuli na nafasi nyuma yao badala ya kubanwa kama abiria wa matatu.

Yale machozi meusi chini ya pembe za madirisha? Kizingiti cha chini hakina mfereji wa kudondoshea. Chukua grinda, ukate mfereji wa sentimita 1 upande wa chini wa kizingiti, karibu na ukingo wa nje. Maji yatadondoka hapo badala ya kutambaa ukutani.

Sasa plasta. Iliyooza ibomoe hadi futi moja juu ya alama ya unyevu, piga mpya ya simiti moja kwa mchanga minne, imwagilie kwa wiki nzima, kisha uiache. Siku 28. Najua, wageni. Lakini plasta mbichi bado ina chokaa kali inayokula rangi, na huo ndio ukweli hata shangazi akiwa njiani kutoka Kakamega. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, ndiyo ya kupaka. Kama lazima kitu kionekane Desemba, osha ukuta, fyeka nyasi, paka geti.

Na kuosha si kupangusa. Husemwa jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na upepo wa alasiri hautuachi tusahau. Chumvi isugue kwa brashi kavu kwanza, kwa sababu ukiilowesha inarudi ndani. Kisha brashi ya waya, maji, na siku kadhaa za jua. Pitisha kiganja: kikitoka na unga, paka praima ya kushikisha kwanza.

Makosa ya fundi sasa. Lita moja hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni mita 100 kwa mikono miwili. Kuta zako ni mita 180 na ameomba ndoo moja? Nyingine ataipata kwa kuongeza maji kwenye rangi. Simama hapo akichanganya.

Nakubali, shingo upande, ule mkanda mweusi wanaoupaka chini ya ukuta una maana. Unaficha marusho yaliyobaki. Lakini uwe wa sentimita 30, mstari ulionyooka, na ufike baada ya gata. Kuta nyeupe pe kando ya barabara ya vumbi, hiyo ni kiburi tu.

Kabro, yale matofali ya zege ya kutandika uwanjani: unene wa milimita 60 kwa gari dogo, murram iliyoshindiliwa chini yake, mteremko wa sentimita 2 kwa mita kuelekea mbali na nyumba. Wengi huuelekeza mlangoni, halafu wanashangaa. Wala usifunike uwanja wote, acha nyasi zinywe. Ua wa kayaba panda kwa futi moja moja na uanze kuukata ungali mfupi, la sivyo utakuwa na miiba juu na matundu ya mbwa chini.

Na wale simba wawili wa saruji juu ya nguzo za geti, wanaobanduka kuanzia miguuni? Juu ya nguzo pako bapa, maji yanatuama chini ya tumbo lao. Mshushe simba, weka kofia ya zege yenye mteremko inayotokeza sentimita 4 kila upande, ndipo umrudishe.