Nani Aliua? Sarufi, Mamlaka na Mipaka ya Mchambuzi

Novemba 2020, Bobi Wine, mwanamuziki na mgombea wa upinzani, alipokamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni za urais, Kampala na miji mingine ya Uganda ilizuka ghasia. Rais Museveni mwenyewe alitaja vifo 54. Sasa tazama: watu 54 walikufa, watu 54 waliuawa, vikosi vya usalama viliua watu 54. Idadi ni ile ile. Katika sentensi ya kwanza muuaji hayupo kabisa, kana kwamba ni maradhi. Katika ya pili yupo, lakini amefichwa. Katika ya tatu amesimama mbele ya macho yetu.

Kazi ya uchanganuzi hakiki wa usemi, yaani uchunguzi wa jinsi lugha inavyobeba mamlaka, uliojengwa na wataalamu kama Norman Fairclough na Ruth Wodak, ni kuuliza kwa nini mwandishi alichagua sentensi moja akaziacha nyingine. Mfano wake maarufu unatoka Afrika. Juni 1975 polisi wa Rhodesia waliwapiga risasi Waafrika mjini Salisbury, leo Harare. Gazeti la The Guardian liliwatanguliza polisi katika kichwa cha habari. The Times likawatanguliza weusi wenye kufanya ghasia, polisi wakaja nyuma. Tony Trew alizichambua habari hizo, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 1979. Ukishausoma, huwezi tena kupitia kichwa cha habari juu juu.

Lakini wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Mwanaisimu Henry Widdowson alidai kwamba wachambuzi hawa huingia kwenye matini wakiwa tayari na hukumu, kisha huokota sentensi zinazoiunga mkono. Nadhani kwa sehemu ana haki. Mfikirie mwandishi wa habari wa Kampala usiku ule, simu ya msemaji wa polisi haipokelewi, mhariri anasubiri. Anaandika “waliuawa” kwa sababu hana ushahidi wa nani alifyatua risasi ipi, na akikosea anaweza kushtakiwa. Hata ile sentensi yangu ya tatu inadai ushahidi kwa kila mmoja wa wale 54. Kauli ya kutendwa, basi, inaweza kuwa woga, inaweza kuwa uaminifu, na sarufi peke yake haitakuambia ni ipi.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mamlaka katika lugha ni ndoto za wasomi. Mkataba wa Buganda wa Machi 1900, kati ya ufalme huo na Waingereza, uliigawa ardhi ya watu kwa maili za mraba, ukasainiwa na watawala wasaidizi, Apolo Kagwa akiwa mmojawao, kwa niaba ya Kabaka (mfalme) Daudi Chwa aliyekuwa mtoto mdogo. Mkataba wenyewe unatamka kwamba matini ya Kiingereza ndiyo itakayozibana pande zote mbili. Hapo huhitaji kumshuku mtu nia yake, maana imeandikwa: ubishi ukitokea, Muingereza anajisomea kwa lugha yake, na Muganda anabishana kwa lugha ya kuazima. Migogoro ya ardhi ya mailo, ile iliyogawiwa kwa maili za mkataba huo, iko mahakamani hadi leo.

Kwangu mimi, basi, udhaifu uko kwa mchambuzi anayeishia kwenye ukurasa. Sisi wasemaji wa Kiswahili Uganda tunalijua hili kuliko wengi: amri ile ile ikitamkwa kwa Kiswahili, lugha iliyotumiwa na jeshi la Uganda kwa miaka mingi, mbele ya mzee wa Luwero aliyeonja vita vya miaka ya 1980, ataisikia kambi ya jeshi ndani yake, ingawa hakuna neno hata moja la kutisha. Hilo hulioni kwenye sarufi. Ni lazima ukamuulize mzee.

Pa kuanzia papo. New Vision na Bukedde zinatoka nyumba moja ya habari, moja kwa Kiingereza, nyingine kwa Luganda. Chukua habari moja ya watu kufukuzwa kwenye ardhi, uone nani ni mtenda katika sentensi za kila gazeti, kisha uende kwa mwandishi, kwa mhariri na kwa waliofukuzwa, uwaulize walivyoielewa.