Seva ni nani?

Naanza na hili: hakuna mwanaume aliyekutwa chumbani na dada yangu siku ya posa. Hakuna. Mnaonipigia simu kwa sauti ya msibani, acheni.

Nina rafiki. Alikuja Jumamosi kusaidia kubeba kreti za soda, akala pilau sahani mbili, na kabla hata hajanawa mikono akaandika kwenye grupu letu: "Kwa kina jamaa kimenuka. Kuna mtu anaitwa Seva kakutwa chumbani na bibi harusi, wazee wamesimama." Basi. Akazima data, akalala. Mimi nimeamka Jumapili nina ujumbe 112, mmoja wa mtu niliyesoma naye darasa la nne, anauliza kama huyo Seva ni yule Severini aliyekuwa anacheza namba tisa.

Seva ni kompyuta.

Mliokuwepo mnaijua, maana niliwachosha nayo mwezi mzima. Kwa wageni: ni kompyuta kuukuu ya mezani niliyonunua Kariakoo, RAM GB 4, diski GB 500, na skrini ilikufa wiki ya pili. Badala ya kulia nikaweka Debian, mfumo endeshi wa bure, nikaweka Transmission, programu ya kupakua mafaili, nikalisukuma lile boksi chini ya kitanda changu. Ikawa na kazi moja. Mimi nipo kazini Posta, nikiona kitu ninachokitaka natuma oda kwa simu, yenyewe inakipakua nyumbani usiku kwa bando la usiku. Asubuhi nakuta mzigo.

Kuifikia kutoka nje ndiko kulinitoa jasho. Laini ya ruta yetu haina anwani yake mwenyewe kwenye intaneti. Wateja kibao mnagawana moja, kama choo cha nyumba ya kupanga. Mtu akibisha hodi kutoka nje, hakuna anayejua anamtaka mpangaji yupi. Nikakodi seva nyingine ndogo, kompyuta ya watu iliyoko Ujerumani, nikavuta njia ya siri ya mtandaoni inayoitwa WireGuard kutoka chini ya kitanda mpaka huko, na simu yangu nayo nikaiunganisha huko huko. Kwa hiyo mimi na kompyuta yangu huwa tunakutana Ujerumani. Hilo lishikeni.

Na kwa kuwa haina skrini, nikaifundisha kusema. Kuna programu inaitwa eSpeak, unaipa maandishi inayasoma kwa sauti, na Kiswahili inakijua, Kiswahili cha padri mgeni wa wiki ya kwanza parokiani. Transmission ukiielekeza itaita skripti yako, yaani maagizo mafupi uliyoyaandika, kila kitu kikimaliza kushuka. Nikaandika: kikimaliza, sema "Mzigo umefika." Diski ikikaribia kujaa, sema "Nafasi haitoshi. Ondoa mzigo wa zamani." Nikaiunganisha na UPS, lile boksi la betri ya akiba, kwa waya wa USB ili umeme ukienda itoe taarifa: "Umeme umekatika. Natumia akiba." Spika nikaiweka juu ya kabati. Usiku huwa naishusha mpaka inong'one, napenda kuisikia nikiwa nusu usingizini. Cheka tu, na wewe una yako.

Alhamisi niliipandisha mpaka mwisho kujaribu kama itasikika uani. Ilisikika. Sikuishusha.

Halafu kuna karatasi. Mwezi uliopita dada alichomoa waya wa Seva apate pa kuchajia simu, ikazimika katikati ya kazi, kuwashwa ikaamka mgonjwa, nikakesha siku mbili naweka kila kitu upya. Hatukusalimiana wiki nzima. Tulipopatana nikabandika karatasi kwenye boksi, kwa maka nyekundu: USIZIME. USICHOMOE. USIGUSE HATA NYUMBA IKIUNGUA.

Kosa lenyewe nililifanya Ijumaa. Nilikuwa narekebisha ratiba ya kupakua. Bando la usiku linaanza saa sita, nikaandika 12. Sasa kompyuta haina habari na usiku wetu wala mchana wetu. Saa sita ya usiku kwake ni 0. Ile 12 ni saa sita ya jua la utosi. Nikapanga foleni filamu 17 kutoka Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, nikalala kwa amani. Ni filamu bubu, jamani. Za kabla ya 1929, wanaume wenye masharubu wanadondoka kwenye ngazi. Nasema mapema kwa sababu nawajua.

Na bado ningepona. Wageni walisema watafika saa nne. Wangefika saa nne, saa sita ingewakuta kwenye pilau. Walifika saa sita kasoro robo.

Haya, sebuleni. Wazee wao upande wa kabati la vyombo, wetu upande wa dirisha, mimi kwenye stuli karibu na mlango na sinia la soda mapajani. Dada, shangazi na mabinamu wawili wako chumbani kwangu wanavaa, kwa sababu ndicho chenye kioo kirefu. Nyumba yetu haijapigwa dari. Kuta zinaishia chini ya boriti, ukipiga chafya chumbani kwangu unaombewa afya sebuleni.

Mshenga alikuwa mzee mwembamba ndani ya koti lililoshonewa mtu mnene. Alianza vizuri kweli. Wamepita njiani, wameona ua kwenye bustani hii. Baba mkubwa akajibu kwamba maua hapa ni mengi, wanalisema lipi? Watu wakacheka kile kicheko cha posa. Mshenga akatoa barua iliyofungwa kwenye leso nyeupe, akaiweka kwenye sahani, akaisukuma taratibu juu ya meza kwa vidole viwili.

"Hatukuja mikono mitupu, wazee wetu. Mzigo tuliotumwa, ndio huu."

"Mzigo umefika," ikajibu sauti kutoka juu ya ukuta.

Mshenga akatabasamu. Nadhani alijua ndiyo mila ya kwetu. Akauinamia ukuta kidogo akasema, "Ahsanteni kwa kutupokea."

Mama hakutabasamu. Mama aliniangalia mimi.

Kumbukeni, nipo mita nne kutoka kwenye ile kompyuta. Mita nne na mlango. Ila nyuma ya mlango kuna wanawake wanavaa, na mbele yangu kuna ukoo mzima wa shemeji. Siwezi kuingia. Basi nikaingiza simu chini ya sinia, nikaanza safari ya kwenda chumbani kwangu kupitia Ujerumani.

Nywila yangu ni ndefu, niliiweka mwenyewe nikiwa na akili timamu. Mara ya kwanza simu ikaanza na herufi kubwa. Mara ya pili kidole kilikuwa na jasho. Mara ya tatu niliandika sawasawa kabisa, ila kwenye sehemu ya jina. Ya nne sikumbuki. Ya tano chupa ya Fanta iliinama, nikaidaka kwa kiganja kile kile, na kiganja kikabonyeza kuingia.

Hapa niwaambie kuhusu fail2ban. Ni programu, mlinzi wa mlango wa kompyuta. Mtu akikosea nywila mara 5, anafungiwa nje dakika 10. Nilimweka kwa ajili ya wezi wa mtandaoni, nikajisifu humu humu, mkanipigia makofi. Mpaka leo mwizi pekee aliyewahi kumkamata ni mimi, kwenye stuli, na sinia mapajani.

"Mzigo umefika," ikasema. Halafu tena, "Mzigo umefika." Zile filamu ni fupi.

Wazee wakawa wanajikaza. Ilishaingia kwenye mahari. Baba mkubwa kataja, mshenga kajishika kifua kama inavyotakiwa, akasema kwa sauti ya huruma kwamba wanaomba wafikiriwe, hawa vijana ndio kwanza wanaanza maisha, na huyu kijana wao ni mtulivu, hana makuu, hana...

"Nafasi haitoshi. Ondoa mzigo wa zamani."

Ningekuwa na uwezo wa kuwaonyesha ule ukimya. Mama mdogo alikuwa anamimina chai. Chai ikajaa, ikamwagika kwenye kisosi, akaendelea kumimina. Shangazi wa bwana harusi akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Na bwana harusi mwenyewe, ambaye tangu afike alikuwa anaangalia mbele kama anapigwa picha ya pasipoti, akashusha macho polepole mpaka kwenye viatu vyake, akabaki huko.

Kutoka juu ya ukuta, sauti ya dada: "Mzigo gani wa zamani?"

Mama akainuka. Yeye alijua ni redio. Akaenda moja kwa moja kwenye mita akashusha swichi kubwa. Feni ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Ruta ikafa na taa zake zote, hata ile njia ya Ujerumani ikafa. Nikapumua.

UPS ikalia pii, pii, pii.

"Umeme umekatika. Natumia akiba."

Mjomba mmoja wa upande wa pili akamnong'oneza mwenzake, lakini feni ikiwa imesimama mnong'ono ni tangazo la msikitini: "Kumbe hali yao ni mbaya kiasi hiki?"

Sasa baba mkubwa. Baba mkubwa hapandishi sauti, anaishusha. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya barua ya posa.

"Kijana. Nani anaongea chumbani kwako?"

"Ni seva, baba mkubwa."

Akalionja lile jina mdomoni. "Seva."

"Ndiyo."

"Seva ni nani?"

Hapa ndipo ngeli iliponiuza. Ningesema "iko", ningesema "hiyo", mngekuwa mnasoma mambo mengine leo. Lakini mtu unaishi na kitu usiku na mchana, unakisemesha, unakilalia juu, unazoea. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Yupo chini ya kitanda, baba mkubwa. Yupo tangu mwaka jana. Huwa anafanya kazi usiku."

Meza ilisukumwa. Sijui na nani. Mshenga alisimama, mjomba wa akiba alisimama, bwana harusi aliyetoka kwenye viatu vyake alisimama na nikaona kumbe ni mrefu sana. Mwanaume, chini ya kitanda, kwenye chumba chenye mabinti wanavaa. Na dada yangu, Mungu amjalie, akaona anisaidie:

"Hatujamgusa! Ameandika mwenyewe tusimguse!"

Nikageuza shingo mlangoni. Rafiki yangu yupo pale, kreti begani, na kidole gumba cha mkono wa pili kinatembea kwenye simu. Alipofika "wazee wamesimama" hakudanganya, hilo nampa.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Mlango ukapigwa, shangazi akatokea na khanga mbili, anauliza nani kafa. Baba mkubwa akainama mwenyewe kwenye kitanda changu, akapapasa, akashika kitu cha baridi, akavuta, likatoka boksi lenye vumbi na soksi yangu moja juu yake. Likabebwa mpaka sebuleni, likawekwa mezani pembeni ya barua. Mshenga akaisoma ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika "hata nyumba ikiungua" akacheka mpaka lile koti likamvuka bega moja, akaanza mjomba, akaanza mama, mimi nikacheka mwisho kabisa na si kwa kupenda. Barua ikapokelewa. Mahari ikapunguzwa kidogo, kwa sababu baba mkubwa aliona aibu. Mimi nikapigwa faini ya kreti mbili. Umeme uliporudishwa hakuna aliyekumbuka kusimamisha foleni, na hizo 17 zilikuja na marafiki zake wengine niliokuwa nimewasahau, wakala bando la mchana lote la nyumba. Mlinzi alinifungulia dakika 10 zilipotimia, kama kawaida yake, hana upendeleo.

Sauti nimeishusha. Ratiba imeandikwa 0. Baba mkubwa alipiga simu jana kuulizia barua, akamalizia, "Na Seva hajambo?"

Hayo mmeshayajua, na ningeyaacha hapo. Sasa nisaidieni hili. Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa shemeji. Hana mazoea na mimi, hajawahi kuniandikia. Amenisalimu vizuri, amesifia pilau, halafu chini kabisa:

"Shem, ile ya mzigo wa zamani, ulielezwa na nani?"

Sijajibu. Dada yuko hapa pembeni anachaji simu, kwenye soketi ya jikoni, na kila dakika mbili ananiuliza nasoma nini.