Peku kwa Hiari

Anayetembea peku barabarani hukaguliwa kwa mpangilio maalumu. Macho huanzia miguuni, hupanda kwenye nguo, hutua usoni, kisha hushuka tena miguuni kuhakikisha. Nguo zikiwa zimechakaa, mkaguzi keshapata jibu: maskini huyo, na kila mtu anaendelea na safari yake. Tabu huanza pale shati linapokuwa limepigwa pasi. Hapo hesabu hazikubali. Ameporwa? Ndala zimemkatikia njiani? Ana nadhiri? Au ndiyo kichwa kinaanza hivyo?

Mimi hutembea peku kwa sababu napenda, basi. Sikuagizwa na dini wala daktari, na sina kundi lolote la kurudia maisha ya kale. Unyayo ukiwa wazi unaijua njia kuliko macho. Saa saba mchana lami huchoma kweli, lakini mistari myeupe ya kivuko haichomi vile, maana rangi nyeupe hurudisha mwanga badala ya kuunyonya. Kwa hiyo utanikuta navuka kwa hatua za ajabu, mstari hadi mstari, huku madereva wakishangaa. Adui wangu mkubwa ni kokoto mpya zenye ncha. Vipande vya chupa ambavyo kila mtu hunitishia navyo si tatizo kiasi hicho, kwa kuwa asiye na kiatu hutazama anapokanyaga.

Kuna mama mmoja wa makamo aliwahi kunisimamisha, akafungua mfuko wake, akatoa kandambili. “Chukua mwanangu, utaumia.” Nikamshukuru, nikamweleza kwamba viatu ninavyo nyumbani, ila nimeamua tu kutembea hivi. Uso ukabadilika palepale. Huruma ilitoka, hasira ikaingia. “Umeamua?” Akazirudisha kandambili mfukoni na kuondoka bila kuaga. Ningemwambia nimeibiwa, tungeachana kwa dua.

Hasira ile naiheshimu kuliko vicheko vyote nilivyowahi kuchekwa. Katika koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, miguu mitupu ilikuwa alama ya mtumwa. Na si huko tu: mahali pengi duniani viatu ndivyo vilivyomtenganisha aliyefika na ambaye bado. Zipo familia zinazomkumbuka kwa jina yule aliyehangaika hadi jozi ya kwanza ikapatikana. Mtu wa familia kama hiyo akiniona nimeviacha vyangu chini ya kitanda makusudi, anaona nachezea jambo ambalo kwao halikuwa mchezo. Sina la kumjibu. Cesária Évora wa Cabo Verde aliimba peku kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya mpaka akajulikana duniani kama diva wa miguu mitupu, lakini yeye ufukara aliujua kwa kuuishi. Peku yake ilikuwa na haki ambayo yangu haina.

Wanaonitetea hukimbilia kumtaja Abebe Bikila, na hapo huwa natamani wanyamaze. Ni kweli mwaka 1960, jijini Roma, Mhabeshi yule alishinda mbio za marathoni za Olimpiki bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia. Lakini viatu alivyopewa ndivyo havikumkaa vizuri. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, na safari hii alikimbia kwa saa 2 na dakika 12. Ushahidi wa namna hiyo unanigeukia. Ninachojiuliza mimi ni kama angemaliza wa hamsini pale Roma. Ile miguu inayosifiwa leo ingeandikwa kwenye magazeti kama habari ya nchi isiyoweza kumnunulia mkimbiaji wake raba.

Halafu wapo wa afya. Hawa wana hoja. Mabuu ya safura huishi kwenye udongo wenye joto na unyevu uliochafuliwa na kinyesi, nayo hupenya ngozi ya unyayo bila mtu kujua. Funza wapo, pepopunda ipo. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia, udongo mwekundu wa volkano huwavimbisha miguu watu walioukanyaga peku kwa miaka mingi, na kinga yake ni viatu na kunawa miguu. Anayekwambia viatu ni hila ya wafanyabiashara, mkimbie. Mimi chanjo ya pepopunda ninayo, na kwenye matope ya mfereji sikanyagi.

Ila safura haiishi kwenye vigae vilivyopigwa deki asubuhi. Mlinzi anayenizuia mlangoni pa ofisi hanikingi na minyoo. Akibanwa atasema usafi, ingawa miguu yangu huoshwa kila jioni, na soli zinazopita mbele yake zimekanyaga kila kitu nilichokanyaga mimi na hazijawahi kuonja sabuni. Msikitini ni kiatu kinachobaki nje. Musa naye kwenye ule moto aliambiwa avue, na habari hiyo imo katika Biblia na katika Kurani. New Zealand watu huingia supamaketi peku, wanasukuma vitoroli vyao, na hakuna anayegeuza shingo. India, kwa upande mwingine, mchoraji M. F. Husain, mtu mwenye jina na mali, alizuiwa kuingia klabu moja ya wakubwa mjini Mumbai kwa kuwa hakuvaa viatu. Kanuni ni mazoea ya mahali, wala sioni ubaya kuyafuata. Ninachokataa ni kuyavisha koti la daktari.

Kwa hiyo nimeacha kubishana milangoni. Kwenye begi nina ndala za mpira, kuukuu, zimeshika vumbi la kila mtaa niliopita. Nikikaribia geti nazitoa, nazitupa chini, navaa. Mlinzi anatazama miguu, anaridhika, ananikaribisha ndani. Ndala zenyewe sijawahi kuziosha.