Geetu Mohandas na kelele za Toxic: kawasaliti wenzake kweli?

Tangu Januari 2025, siku ya bethdei ya Yash, staa wa India, ilipoachiwa ile klipu fupi ya muvi yake Toxic, dairekta wa muvi hiyo, Geetu Mohandas, mwanamke wa Kerala kusini mwa India, hajapumzishwa. Mnaijua, jamaa suti nyeupe, kofia, sigara nene, anaingia klabu iliyojaa wanawake, na watu wa Kerala wakaanza, huyu si ndo yule aliyekuwa anatusomesha heshima ya mwanamke kwenye sinema?

Hoja yao si ya kipuuzi. Desemba 2017, kwenye tamasha la filamu la Kerala kule Thiruvananthapuram, mwigizaji Parvathy alikuwa anailalamikia muvi moja ya staa mkubwa bila kuitaja, Geetu yuko pembeni yake anamsukuma aseme jina, ndo ikatajwa Kasaba ya 2016, ambayo staa huyo, Mammootty, akiwa polisi anamshika mkanda afisa wa kike na kumtolea maneno machafu. Parvathy alitukanwa mtandaoni mpaka watu wakakamatwa. Sasa mtu wa Kasaba, yaani anayeitetea muvi ile, akiuliza mbona ikiwa yako ni sanaa ikiwa yangu ni udhalilishaji, ana pa kusimamia, hilo nampa.

Ila wengi wanaopiga kelele sidhani kama waliiona Moothon, muvi ya Geetu kabla ya hii. Nivin Pauly mle ni Akbar, jambazi wa Mumbai anayetisha, halafu muvi inarudi nyuma kwao, visiwa vya Lakshadweep, tunamkuta kijana anayecheza ratibu, dhikri ile ya kujichoma vyuma mwilini, na kapenda mwanaume mwenzake, Ameer, ambaye ni bubu. Mapenzi yao karibu yote ni macho na mikono, na ukishayaona unaelewa ule ubabe wa Mumbai umetokea wapi. Dairekta aliyeweza kumvua mbabe kiasi hicho, mimi siwezi kumhukumu kwa klipu ya chini ya dakika moja na nusu.

Halafu kuna hili ambalo linanikera zaidi. Liar's Dice, muvi yake ndefu ya kwanza, iliingia Sundance, tamasha la filamu la Marekani, Januari 2014, ikamletea Geetanjali Thapa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, Rajeev Ravi (mumewe Geetu) akapata ya upigaji picha, India ikaipeleka Oscar. Muvi ndefu iliyofuata, Moothon, ilionekana tamasha la Toronto Septemba 2019. Miaka mitano na ushee! Sisemi yote ni ubaguzi, skripti ya Moothon ilikuwa mezani muda mrefu, ilipata tuzo ya Sundance 2016 ikiitwa Insha'Allah, lakini tuzo zote hizo na bado unangoja hivyo, na huyu ni mtu anayejulikana Kerala tangu mtoto, kaigiza na staa Mohanlal 1986. Asiye na jina je? Tuzo za serikali ya Kerala zimeanza 1969, mwanamke wa kwanza kupata ya dairekta bora ni Vidhu Vincent, kwa Manhole ya 2016, yaani karibu nusu karne nzima wanapeana wanaume watupu.

Kwa hiyo anapokuja Yash wa zile muvi za K.G.F. na pesa ya maana, wanaandika stori pamoja, wanashuti kwa Kikannada na Kiingereza, mnataka akatae ili abaki msafi? Wanaume wanatoka muvi ya tamasha kwenda ya mastaa na watu wanawapongeza kwamba wamekua.

Mimi kipimo changu ni wale wanawake aliowajaza mle, Nayanthara, Kiara Advani, Huma Qureshi na wenzao. Kama wana maamuzi yao na stori inabadilika kwa sababu yao, hizi kelele zilikuwa za bure, na kama wamewekwa pale kumpamba Yash tu basi mtu wa Kasaba anadai, alipwe.