Bampa Limefika, Gari Bado

Jamani, ile video ya gari langu kukwama kwenye tope la Bahi mmeiona. Najua mmeiona, maana jana muuza chipsi wa mtaani kwetu kaniuliza, huku anageuza mayai, "Bosi, bampa lilisharudi?" Kwa hiyo sina tena cha kuficha. Nimekuja kurekebisha mambo mawili matatu ambayo huyo rafiki yangu aliyerekodi (simtaji, mwenyewe anajijua, na hela yangu ya petroli bado anayo) aliyakata makusudi ili achekeshe ukoo mzima.

La kwanza: ile sauti inayosema "Mama!" ni yangu, sikatai. Ila nilikuwa namuita mama watoto. Neno la pili ndilo halikutoka.

Mnaoijua historia ya gari langu, Suzuki Escudo, rukeni aya mbili hizi. Ni zile za kizazi cha kwanza, zilizoanza kutoka mwaka 1988. Wengi huzidharau, lakini inama uangalie chini: kuna chesisi ya kweli, kuna kijiti cha foo-wili cha kuvuta kwa mkono ili tairi zote nne zisukume, na kuna ile gia nzito ya kupandia milima. Gari la watu, limekosa tu wa kulipamba. Nikajitolea. Hela nilikuwa nayo, ya bati. Pagale letu la Nzuguni lilikuwa limeshapita lenta linasubiri kuezekwa, nikaona halina haraka, mvua zenyewe za Dodoma za kuhesabu.

Nikafunga springi ndefu, gari likanyanyuka inchi mbili. Nikafunga tairi za kashata, zile zenye meno makubwa ya kushika tope. Nikafunga keria na hema la juu ya gari, lile la kukunjua na ngazi yake. Mama watoto alilizunguka, akauliza swali moja tu, "Na hili nalo linaezekwa bati gani?" akaingia ndani. Kisha nikatengenezewa mkonga. Kwa wasioujua, mkonga ni ule mrija unaopanda ubavuni mwa kioo cha mbele ili injini ivute hewa kule juu, isije ikameza maji mkivuka korongo. Wangu ulitokana na bomba la choo, likapigwa rangi nyeusi, likapendeza kupita maelezo. Siku moja nikafungua boneti nione umeungwa wapi. Haujaungwa popote. Fundi akaniambia bila hata kupepesa macho, "Bosi, huo ni wa muonekano."

Mtu mwenye akili angebadilisha fundi hapo hapo. Mimi nikampa na kazi ya bampa la chuma na winchi, ile mashine ya mbele inayokunja waya ili gari lililokwama lijivute lenyewe.

Winchi ilikuwa ya paundi 9,500, karibu kilo 4,300 hizo. Kanuni inayotumika ni kwamba winchi iwe na nguvu walau mara moja na nusu ya uzito wa gari na mizigo yake. Escudo yangu na hema, na mbuzi wa kuchoma, na baba mkwe, haifiki tani mbili. Nguvu ilikuwepo na chenji inabaki. Fundi alipomaliza kukaza nati ya mwisho akalipiga bampa teke, akasema, "Hili bosi ukilifunga kwenye Mlimwa, ni mlima ndio utakuja." Wenye magari mtanielewa: ukishakuwa na winchi, barabara ya lami inaanza kukukera.

Basi Jumamosi tukaelekea Bahi. Mimi, mama watoto, huyo mpiga picha, na baba mkwe, ambaye nilimbembeleza mwenyewe aje. Nilitaka aone. Mzee huyu alianza udereva huku huku Dodoma mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie hapa, na amestaafu akiwa kwenye malori. Hajawahi kunisifia kitu. Nikasema leo atanisifia.

Mpango ulikuwa tuache barabara ya Singida, tuingie pembeni kando ya kinamasi, tukunjue hema, tuchome mbuzi, tuangalie ndege, tulale. Sasa, Dodoma kwa mwaka mzima tunapata mvua milimita mia tano na kitu, ukame tumezaliwa nao. Lakini maji yakishashuka, mto Bubu unayabeba na kuyapeleka kule kule Bahi, ndiyo maana watu wanavuna mpunga katikati ya nchi ya uwele na mtama. Na chini ya huo mpunga kuna ule udongo mweusi wa mbuga. Juu unauona umekauka, umepasuka pasuka vizuri, unakukaribisha. Kiganja kimoja chini, tope la kunata.

Hata mita mia hatujamaliza, Escudo ikakaa. Nikavuta foo-wili, nikakanyaga mafuta, kashata zote zikajaa udongo zikawa duara laini zinazozunguka bure. Nikakanyaga tena kwa hasira. Chesisi ikalala chini kabisa. Wakati tunashuka kukagua, bodaboda akapita pembeni kidogo tu ya sisi, kabeba godoro na mwenye godoro, akatusalimia kwa furaha, "Mbukwenyi!" na kutokomea.

Baba mkwe akainama, akaangalia tairi. "Mwanangu, kwanza toa upepo. Toa nusu."

"Baba, tuna winchi."

"Basi chimbeni kidogo nyuma ya tairi, turudi kinyumenyume kwa njia tuliyojia."

"Baba, tuna winchi."

Mzee hakuongeza neno. Alifungua buti, akatoa kiti kimoja cha kukunja, akakichomeka mahali pakavu, akakaa akakunja nne. Pale ndipo rafiki yangu alipotoa simu. Na hapa ndipo video yenu inapoanzia, mimi nikiwa nimepaka udongo mpaka masikioni, nasema, "Mambo vipi wapenzi wa pori, leo tunajifunza kujiokoa."

Niseme ukweli, niliyofanya kabla ya hapo yote yalikuwa ya kitaalamu. Mbele yetu kulikuwa na mbuyu, umbali wa waya unafika. Nikauzungushia mkanda mpana ili waya usije ukalichuna gogo. Nikaacha mizunguko ya kutosha kwenye ngoma ya winchi. Nikatandika blanketi juu ya waya, kwa sababu waya wa chuma ukikatika ukiwa umekazwa unarudi na kichwa cha mtu. Nikawasogeza wote mbali. Hayo yote kwenye video hamyaoni, yamekatwa. Mnaona tu nasema "kaeni mbali, hii siyo mchezo," halafu nabonyeza rimoti.

Tuende taratibu.

Winchi ikalia. Waya ukanyooka, blanketi likatulia juu yake. Escudo ikatikisika, ikatoa mguno kule chini, na ikasogea. Mama watoto akapiga vigelegele. Mnasikia vigelegele kwenye video, vile ni vya kweli, ni vya mke anayempenda mumewe, naomba muvihifadhi kwa sababu ndivyo vya mwisho.

Macho yangu yalikuwa kwenye bampa. Bampa lilikuwa linakuja kwangu, kwa hiyo nikaamini gari linakuja. Akili inaunganisha hivyo, huwezi kuilaumu. Kisha nikaona mwanga. Kati ya bampa na grili palipita mwanga wa jua, upana wa kidole. Nikajiambia ni kivuli. Ukawa upana wa kiganja. Nikaanza kuiona rejeta. Rejeta siku zote iko nyuma ya bampa, haionekani, na sasa tulikuwa tunatazamana. Nikashusha macho kwenye tairi ya mbele. Haikuwa imezunguka hata robo. Kile kilichosogea mwanzo kumbe ni bodi, imejivuta mbele kwenye springi zangu ndefu na sasa inajirudisha taratibu kukaa mahali pake.

Mtu mwingine angeachia kitufe. Kidole changu kilikataa. Nafikiri kilikuwa bado kinaamini.

Ikalia *tah!* upande wa kushoto. Kimya kidogo. *Tah!* upande wa kulia. Bampa zima, na winchi yake, na taa zake mbili za ukungu zinawaka, na kibao cha namba, likashuka kwenye tope kwa tumbo na kuanza safari ya kwenda kwenye mbuyu. Halikukimbia. Lilikwenda kama bibi harusi anayeingia ukumbini: hatua, linapumzika, hatua, linapumzika. Na mimi, kwa kuwa rimoti ina waya wake umechomekwa kwenye winchi, nikalazimika kulifuata. Hilo ndilo linalowaua wengi mbavu, naelewa. Mwanaume mzima, mguu ndani ya tope, kashika rimoti, anasindikiza bampa.

Kulifika wapi? Hapa mpiga picha wangu amewadanganya. Ameandika kwamba lilifika mbuyuni. Halikufika. Fundi alikuwa ameacha waya mrefu wa umeme kutoka kwenye betri, kauzungusha ndani ya boneti, akaniambia ni wa akiba. Akiba hiyo ikaanza kufunguka duara kwa duara, bampa likienda nayo. Ilipoisha, waya ukakaza, ukachomoka kwenye kichwa cha betri na cheche moja ya bluu, na kila kitu kikazima. Winchi, taa, redio iliyokuwa inatuimbia. Hapo ndipo nilipomuita mama watoto.

Palikuwa na ukimya wa kusikia ndege wale tuliokuja kuwaangalia. Baba mkwe, bado kakunja nne, akaliangalia bampa, akaiangalia Escudo iliyobaki mdomo wazi, akasema kwa upole kabisa:

"Sasa mwanangu, kambi tunaweka kwa bampa au kwa gari?"

Mke wangu alijitahidi. Nilimuona anajitahidi, kaziba mdomo kwa khanga. Alishindwa akakaa chini kwenye tope na nguo yake nzuri.

Mzee ndiye aliyekuja kunionyesha. Winchi inatakiwa ishikwe na chesisi, ile mihimili miwili minene inayotokeza mbele, kwa bolti ngumu. Fundi wangu alikuwa amelifunga bampa lile lote kwenye vibanio vilevile vya bampa la zamani la plastiki, vipande vya bati nyembamba ambavyo kazi yake maishani ilikuwa kushikilia kitu unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Vilikuwa vimekunjuka vizuri, vimechanika, vimebaki vinaning'inia. Kilo 4,300 za kuvuta, na upande wa pili wamekaa hao. Mzee alikigusa kimoja kwa kidole, kikadondoka.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaeleza. Vijana wakatoka mashambani na majembe na viroba vya pumba za mpunga, tukaelewana bei (walianza juu sana, walikuwa wameona kila kitu), wakachimba, pumba zikamwagwa nyuma ya tairi. Upepo tukaushusha kutoka 32 hadi 16. Baba mkwe akaingia nyuma ya usukani, akaweka gia nzito, rivasi, akaitoa Escudo bila hata kuikanyagia mafuta kwa nguvu. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Mbuzi tukamchomea nyumbani. Aliliwa kimya, mpaka mtu mmoja akasema "tah!" na wote wakaacha kula wakaanza upya kucheka.

Ila kuna kipande kimoja hakimo kwenye video kwa sababu simu ya mpiga picha ilikuwa imeisha chaji, Mungu ni mwema. Bampa halikuingia kwenye buti, tukalifunga juu ya keria kando ya hema. Tunakaribia mjini, trafiki akatusimamisha. Akazunguka mbele ya gari, akatazama rejeta, akanitazama.

"Namba ya mbele iko wapi?"

"Iko juu, afande."

Akarudi nyuma hatua kadhaa barabarani, akanyanyua kichwa, akainua mkono kuziba jua, akaisoma namba yote kwa sauti. Kisha akaja dirishani. Nikashika leseni. Hakuitaka. Aliuliza tu hilo bampa linauzwa shilingi ngapi.

Sikumjibu siku ile, nilikuwa na uchungu. Lakini tangu jana nimefikiri, na mama watoto kanisaidia kufikiri, akiwa na karatasi ya bei za bati mkononi. Kwa hiyo natangaza: bampa la chuma linauzwa pamoja na winchi yake, mkanda na blanketi. Winchi bado mpya. Imevuta kitu kimoja tu, na ilikivuta vizuri.