Usiku wa Ijumaa ni usiku gani?

Mie napika vitafunwa vya oda hapa Fuoni, Unguja, mwaka wa sita huu, sambusa, katlesi, kachori, visheti, mkate wa kumimina, na hasara kubwa kuliko zote nliyowahi kupata haikuletwa na mafuta kupanda bei wala umeme kukatika. Imeletwa na maneno matatu tu kwenye simu.

Kuna dada mmoja kahamia huku kutoka bara kikazi, akanitumia meseji: "Nahitaji sambusa 200 na katlesi 150 usiku wa Ijumaa." Nkamjibu "sawa mpenzi, inshaallah." Bas, tukaachana hapo. Sasa wewe uliezaliwa Unguja au Pemba huhitaji kuelezwa, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alkhamis magharibi ikishaingia, siku kwetu inaanza jua likizama, ndo usiku ambao bibi yangu hakosi kusoma Yasini. Alkhamis saa mbili kasoro nko mlangoni kwake na madishi mawili, sambusa bado za moto, anafungua kavaa dera la kulalia ananitazama tu. "Jamani dada, si kesho?"

Yeye kwake usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe jua likishazama, na hajakosea, ndo anavyohesabu. Sambusa ikilala inalainika, huwezi kumuwekea mtu kwenye shughuli yake. Kilo sita za nyama zilikwenda, nyingi nkazigawa chuoni kwa watoto wanaosoma Kuruani na kwa majirani, Ijumaa nkapika upya kwa pesa nlokopa kwa shoga yangu.

Nimelifikiria sana jambo hili na nnaamini kosa lilikuwa langu mie muuzaji, maana mie ndie ninaepokea oda nyingi, mie ndie nilopaswa kuuliza. Lakini sie tumelelewa hivyo, kumuuliza mtu mara mbili inaonekana kama humuamini, au kama hukusikia, bas unanyamaza kwa haya na unakwenda kupika kwa kubahatisha. Na kwenye saa ndo kubaya zaidi! Kwetu jua likichomoza tunahesabu saa 12, saa 1 asubuhi ni 7 kwenye simu, na mtu wa hoteli anakuandikia "saa 8" na wewe hujui kama anasema mchana baada ya adhuhuri au kasoma tu namba ya kwenye simu yake.

Halafu hii inshaallah. Naomba nisieleweke vibaya, neno tukufu hili. Lakini Suratul Kahf inatufundisha usiseme kesho ntafanya kitu fulani ila useme inshaallah, yaani ahadi ipo kwanza, siku na kazi umeshazitaja, ndo unamkabidhi Mungu. Sie tumeligeuza limekuwa jibu la kumkatalia mtu bila kumkatalia. Fundi unamuuliza shelfu langu lini, "inshaallah", na wewe unarudi nyumbani na roho nzito kwa sababu unajua hapo hakuna kitu. Mwambie mteja siwezi wiki hii, atakuheshimu. Kweli atakuheshimu.

Wale wauzaji wa "bei njoo inbox" sitawasema sana, mie mwenyewe nikiona hivyo napita. Voisi za dakika nne pia, oda iko katikati ya salamu na habari za mgonjwa, ukiwa jikoni na mikono ina unga huwezi kurudia kusikiliza.

Siku hizi kila oda namrudishia mteja kwa maandishi hivi: "Ijumaa tarehe 14, sio Alkhamis. Saa 2 usiku baada ya isha, kwenye simu ni 20:00. Sambusa 200 za nyama, katlesi 150. Naleta mwenyewe Mpendae. Umetoa nusu, nusu nikifika. Nambie kama ndo hivyo." Asipojibu siendi sokoni.

Wapo wanaoona nnawasumbua. Juzi bi mkubwa mmoja wa Mkunazini kanambia mwanangu mbona maswali mengi hivyo, nkamwambia bibi nisamehe, nambie tu hiyo saa 2 ni ya usiku au ya asubuhi. Akasema ya asubuhi, watu wanakuja kunywa chai. Mie kwenye daftari nlikuwa nshaandika usiku.