Kuuza Impreza, kununua Demio: hesabu ya barabara ya Njoro

Yadi moja ya magari hapa Nakuru iliniambia hivi: liache gari lako la Subaru Impreza hapa, tutalihesabu kwa shilingi 780,000, uongeze 670,000, kisha uondoke leo na Toyota Aqua ya mwaka 2018. Muuzaji alikuwa mtu mstaarabu. Alinionyesha hesabu kwenye simu yake, akasema gari langu linakunywa mafuta na hili linaonja tu, kwa hiyo nyongeza itajilipa yenyewe kituoni.

Swali hili, kama uliache gari linalokunywa sana uchukue linalokunywa kidogo, linaulizwa na watu wengi wa hapa tangu bei ya petroli ilipotuchapa. Mei 2020 lita moja ilikuwa shilingi 83.33 jijini Nairobi. Oktoba 2023 ikafika 217.36. Ilishuka baada ya hapo, lakini kila tarehe 14 ya mwezi, siku EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei mpya, bado tunasoma tangazo huku tumeshika roho. Mwenye gari la tabo (turbo, kifaa kinachoisukumizia injini hewa ya ziada), kama Impreza yangu, hulisoma mara mbili. Kwa hiyo nilipotoka yadini sikubishana na muuzaji. Nilienda kupima.

Naishi Lanet, nafanya kazi Njoro. Kwenda na kurudi ni kilomita 60, siku 22 kwa mwezi, jumla kilomita 1,320. Nilijaza tangi mpaka bomba likajikata lenyewe, nikarudisha mita ya safari kwenye sufuri, nikaendesha wiki nzima kama kawaida yangu, kisha nikajaza tena kwenye pampu ileile. Nilifanya hivyo wiki tatu, nikiandika nyuma ya risiti. Wastani ukaja kilomita 7.5 kwa lita. Mazda Demio ya jirani, ya cc 1300, isiyo na tabo wala haibridi (mota na betri ya umeme ya kuisaidia injini), hutembea kilomita 14 kwa lita kwenye njia ileile. Mwenzangu kazini mwenye Aqua, ambayo ni haibridi, hupata 20.

Hapa ndipo wengi tunapopotezwa na namba. Kutoka 7.5 hadi 14 ni hatua ya kilomita 6.5. Kutoka 14 hadi 20 ni hatua ya kilomita 6. Kwa macho zinakaribiana, kwa hiyo mtu huona kwamba ukishaamua kushuka, ushuke hadi chini kabisa. Zigeuze ziwe lita. Kwa kila kilomita 1,000, Impreza inataka lita 133, Demio lita 71, Aqua lita 50. Hatua ya kwanza inakuokolea lita 62. Ya pili inakuokolea 21 tu. Faida kubwa iko pale unapoacha gari linalokunywa sana. Baada ya hapo, kila kilomita unayoongeza kwa lita ina thamani ndogo kuliko iliyotangulia.

Tuiweke kwenye mfuko wangu, lita tuihesabu shilingi 180. Impreza inakula takriban 31,700 kwa mwezi, Demio 17,000, Aqua 11,900. Nikichukua Aqua ninaokoa karibu shilingi 19,800 kila mwezi. Ni pesa nyingi, ni karo. Lakini nyongeza ya 670,000 itachukua miezi 34 kurudi, na hiyo ni kama pesa ninazo mkononi. Nikizikopa, riba itaila sehemu ya akiba kila mwezi na jina la benki litakaa kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari, kando ya langu mpaka nimalize.

Njia ya pili ni kuuza mwenyewe, bila yadi. Mnunuzi wa moja kwa moja alikuwa tayari kutoa 980,000. Demio ya mwaka 2014 iliyokuwa ikiuzwa na mwalimu mmoja wa Kiamunyi ilikuwa 820,000. Hapo ninabaki na 160,000 mkononi na akiba ya 14,700 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Ukizilinganisha njia hizi mbili, Aqua inanigharimu shilingi 830,000 zaidi ili iniokolee karibu 5,100 zaidi kwa mwezi. Hiyo ni miaka 13 na nusu.

Lazima nimtendee haki muuzaji. Zile 830,000 hazipotei zote, kwa sababu unapata gari jipya kuliko Demio, lenye bei nzuri siku ya kuliuza. Yadi nayo inapokata 200,000 kwenye thamani ya gari lako, inakuuzia muda. Mimi nilikaa wiki tano nikipokea simu za watu waliotaka "kuja kuliona tu", na wawili walitaka kulijaribu hadi Gilgil. Mtu mwenye shughuli nyingi, au asiyependa kukutana na wageni akiwa na funguo mkononi, anaweza kuona 200,000 ni bei ya haki. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba mafuta ndiyo yatakayolipa.

Sasa upande wa Impreza, na upande huu una hoja nzito kuliko ile ya kujionyesha tunayosingiziwa sisi wenye magari haya.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa tunayovuta hapa imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, na injini isiyo na tabo inaivuta hewa hiyohiyo nyepesi. Ukipanda kwenda magharibi kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, unakaribia mita 2,500, na upungufu unafika robo. Demio yenye nguvu za farasi 90 na kidogo kwenye karatasi haina hizo 90 kule juu. Tabo husukumizia injini hewa, kwa hiyo Impreza karibu haijui kwamba imepanda mlima.

Hilo lina maana gani barabarani? Uko nyuma ya trela linalopanda kwa kilomita 20 kwa saa, nyuma yako kuna matatu imekubana. Nafasi inafunguka. Gari linalokuja upande wa pili likiwa na mwendo wa 80 nawe umefikisha 80, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Sekunde tano za ziada upande usio wako zinahitaji zaidi ya mita 200 za lami tupu, na kwenye kona za Sachangwan huzioni mita 200. Gari lenye nguvu linakutoa pale haraka. Nimelipita trela kwa Impreza nikarudi upande wangu kabla sijamaliza kuvuta pumzi, na nimekaa kwenye gari dogo la shemeji yangu mahali palepale, mguu umekanyaga mpaka chini, injini inalia, trela haliishi ubavuni. Anayesema nguvu ni anasa tu hajawahi kukaa kiti kile.

Lakini nilipojiuliza ni siku ngapi kwa mwaka ninapanda Sachangwan, jibu lilinishtua. Kwenda nyumbani Vihiga ni Aprili na Desemba, labda na msiba mmoja katikati. Safari zangu nyingine zote ni Lanet hadi Njoro, kipande kirefu kikiwa barabara ya njia mbili kila upande, na tabo hapo haina kazi isipokuwa kunywa. Nilikuwa ninalipa kila Jumatatu kwa ajili ya safari ya Desemba. Nadhani wengi tunanunua magari hivyo, tukiwaza barabara ya kwenda ushago na mizigo na wazee, kisha tunayatumia kwenye foleni ya mtaa wa Free Area. Na nikumbuke pia kwamba nguvu ileile iliyonitoa salama mbele ya trela ndiyo iliyonishawishi nijaribu kulipita mahali ambapo ningesubiri.

Hoja ya pili ya kubaki nalo ni kwamba nalijua. Mkanda wa injini na pampu ya maji nilibadilisha, najua ni lini. Najua sauti ya kila shokamzoba. Gari la kununua kwa mtu ni siri, hata likiwa dogo na linang'aa. Mita ya kilomita inaweza kuwa imerudishwa nyuma, gia inaweza kuwa imechoka, na akiba ya mwaka mzima ikamezwa na fundi kwa wiki moja. Hoja hii ndiyo iliyonichelewesha zaidi. Nilichofanya ni kumlipa fundi wangu aje Kiamunyi, alale chini ya Demio saa nzima, kisha nikatafuta rekodi ya logbuku kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla sijatoa shilingi. Wanaoruka hatua hii ili kuokoa ada ya fundi wananiumiza moyo.

Kuhusu matengenezo ya kawaida, gari dogo linashinda bila ubishi. Injini ya Subaru imelala, mitungi inatazamana kulia na kushoto, na plagi zimejificha pembeni karibu na fremu. Kubadilisha plagi nne, fundi anatoa betri, anatoa boksi la hewa, kisha anaingiza mkono mpaka kiwiko akitafuta kwa kupapasa. Kwenye Demio unafungua boneti unaziona juu. Kwenye risiti ya fundi tofauti hiyo inaonekana wazi.

Aqua nayo ina jambo lake ambalo yadini hukuambiwi. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti hicho. Mwenzangu wa kazini alinifungulia lake. Kijichujio kilikuwa kimevaa vumbi la Njoro kama blanketi, na kando yake kulikuwa na karatasi ya peremende ya mtoto. Betri ikikosa hewa inapata joto, na joto huifupishia maisha. Ni kazi ya brashi na dakika chache, ila lazima mtu akuambie kwamba tundu lipo, na usilizibe kwa mifuko ya sokoni.

Halafu kuna mapenzi, na sitayadharau. Kaunti yetu ndiyo nyumba ya Safari Rally tangu iliporudi kwenye mbio za ubingwa wa dunia mwaka 2021. Watoto wa Elmenteita wanautambua mlio wa gari kabla ya kuliona. Mtu anayeamka alfajiri kila siku akaenda kazi asiyoipenda sana, na furaha yake ni ule mlio anapowasha gari, ana haki ya kuilipia furaha hiyo kama wengine wanavyolipia mpira. Ningemwomba tu aiandike kwenye bajeti kwa jina lake, shilingi 14,700 kwa mwezi, asiifiche ndani ya "mafuta". Na wale wanaoona aibu kushuka kwenye gari dogo, nawakumbusha kwamba mwaka 1993 Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally katika nafasi ya 12 akiendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660, nusu ya Demio.

Kabla sijauza nilijaribu jambo moja ambalo ningetaka kila mtu alijaribu. Mwezi mzima niliendesha Impreza kwa mguu mwepesi. Sikuiamsha tabo, niliachia mafuta mapema nikiona taa nyekundu, nikaweka upepo sawasawa kwenye magurudumu, nikatoa buti mizigo iliyokuwa ikizunguka nami tangu Krismasi. Ikapanda kutoka 7.5 hadi 9 kwa lita. Hizo ni lita 29 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 5,200, bila kununua kitu. Mguu wangu peke yake uliniokolea zaidi ya tofauti yote iliyopo kati ya Demio na Aqua.

Kwa hiyo anayeendesha kilomita 15 kwa siku kutoka Milimani hadi mjini, ningemwambia abaki na gari lake, alainishe mguu, na siku mbili kwa wiki apande matatu. Akiba yake kamili ya kuhamia Demio haifiki 4,000 kwa mwezi, na usumbufu wa kuuza na kununua unazidi hapo. Anayeenda mbali kila siku kama mimi, abadilishe, lakini ashuke ngazi moja tu, kwa pesa za gari lake mwenyewe, bila mkopo. Haibridi namwachia dereva wa teksi na yeyote anayepita kilomita 3,000 kwa mwezi ndani ya mji, maana hapo zile lita 21 zinajirudia mara tatu na hesabu inageuka.

Mimi niliuza. Mnunuzi alikuwa kijana wa Naivasha, alipoliwasha alifumba macho kidogo, nikajua limepata mwenyewe. Shilingi 160,000 zilizobaki, 60,000 zilienda kwenye magurudumu mapya na breki za Demio, nyingine ziko kwenye sako, chama chetu cha akiba.

Desemba tulipanda Sachangwan tukiwa watano na gunia la viazi. Mbele yetu kulikuwa na trela la saruji linalotambaa. Nililitazama pengo mara mbili, nikaona halitoshi kwa gari hili, nikabaki nyuma na kufunga vioo kwa sababu ya moshi. Tulilifuata mpaka njia ya ziada ya kupandia ilipoanza. Mama watoto alitazama saa, akasema tumepoteza dakika kumi na moja, akawakatia watoto ndizi.